Dagaa wa Kasenda

Soko la Katoro lilikuwa limefurika, na Serafina alikuwa na gunia tupu mkononi akitafuta gari la Kasenda, aliposikia anaitwa. Evance alikuwa ameegemea pikapu nyeupe, shati la bluu limepigwa pasi, buti zimejaa vumbi jekundu la machimbo. Alikuwa mpenzi wake, lakini hawakuwa wameonana tangu kabla ya mwezi Machi, alipozikwa baba yake Serafina.

"Mayu," alimwita Kisukuma, kama mama mwenye nyumba, "kumbe bado unapendeza."

"Na wewe bado muongo. Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

"Nakwenda kununua dagaa."

"Basi na mimi leo mchuuzi."

Serafina akapanda. Alitegemea hasira ingempanda, hakusikia kitu. Ndivyo alivyokuwa tangu mazishi: chakula kina chumvi, jua lina joto, basi.

Walipita Bwanga, wakapita Chato, ziwa likawatokea kulia. Katika vijiji vya wavuvi dagaa walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, na taa za kuvulia zikichajiwa juani. Mawe makubwa kama nyumba yalikuwa yamebebana kando ya barabara. Ghafla Evance akafunga breki.

"Sera, kule majini kunaungua!"

Nguzo nyeusi ilikuwa imesimama juu ya maji, ikiyumba.

"Ni wadudu wa ziwani. Hutoka majini kwa mamilioni, wakapaa pamoja. Mtu wa Samuye wewe, kusiko na ziwa, kila kitu kwako moshi wa mkaa."

Evance alicheka. Hakuwasha gari.

"Siku ya mazishi niliijua. Ila kwenye duara letu, shimo la dhahabu, kuna mwiko: aliyezika hashuki shimoni mpaka mwezi uandame. Na tulikuwa tumekaribia mwamba wenye dhahabu."

"Mliipata?"

"Duara lilijaa maji."

"Kwa hiyo hukumzika baba yangu kwa ajili ya maji."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayowaelekezea wateja namna ya kumeza vidonge katika duka lake la dawa kule Ushirombo.

"Afadhali ungenitukana, mpenzi."

"Nimelitafuta tusi. Sina."

Walipofika Kasenda na gunia kujaa dagaa, Evance alilibeba mwenyewe hadi kwenye gari.

"Nataka kutuma washenga kwa mjomba wako."

"Jumamosi tunajengea kaburi la baba. Dagaa hawa ni wa wageni. Washenga wasije. Njoo wewe, ubebe zege."

"Jumamosi tunashuka duara jipya, Sera."

"Nimekusikia."

Evance akatoa simu, akampigia kiongozi wa duara lao.

"Mwita, Jumamosi msinihesabu. Nakwenda kaburini kwa baba mkwe."

"Una wazimu?" Sauti ilimfikia hata Serafina. "Nafasi yako anaichukua mtu!"

"Aichukue."

Akakata, akamgeukia Serafina, akingoja walau tabasamu. Serafina alijichunguza kwa uaminifu, akakuta ganzi ile ile.

"Sijafurahi, Evance. Sitakudanganya."

"Na washenga?"

Serafina akapanda mbele, akafunga mkanda.

"Waje Jumapili. Furaha ikichelewa, itatukuta nyumbani."