Walisema Ninakula Nyota ya Mume Wangu

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Pito, pembezoni mwa mji, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Sumbawanga. Nimeachika, na sioni aibu kulisema!

Mume wangu, nitamwita Deusi, alikuwa akinunua mpunga huko bondeni Muze na kuuleta mjini. Alinipenda... au ndivyo nilivyodhani.

Mimi nilijitolea katika kundi la watu wa nchi mbalimbali wanaochunguza picha za darubini kwa kompyuta. Jumamosi moja mchana nikaona nuru mpya katikati ya galaksi ya mbali. Katika kila picha iliyofuata ilizidi kung'aa! Wenzangu wakathibitisha: nyota ilisogelea mno shimo jeusi, lile lisiloachia hata mwanga. Ikavutwa, ikanyooshwa kama uzi, ikachanika. Mabaki mengine yakatupwa mbali, mengine yakazunguka shimo yakiwaka kabla ya kumezwa.

Nililia kwa furaha. "Deusi, njoo uone, nyota inaliwa!" Nilimweleza mpaka akaelewa. Akanikumbatia, akasema anajivunia mke kama mimi.

Haukupita muda, lori lake la mpunga likapinduka kwenye mteremko wa Muze. Yeye alipona, mzigo ukaharibika wote. Kisha mimba yangu ikatoka... Nani angenifuta machozi?

Mama mkwe akaitisha kikao cha ukoo. Nikapiga magoti: "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Akasema nyota ya mwanawe inaliwa, na mlaji ni mimi. Nilingoja mume wangu awaeleze. Akainamisha kichwa.

"Ni kweli. Alitamka mwenyewe, nyota inaliwa."

Jamani! Mtu aliyejua kila kitu!

Wakaamua nipelekwe kwa mganga nikanyolewe nywele ili uchawi unitoke, na kompyuta ichomwe moto. Nikasimama.

"Mama, nyota ile ilichanika kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Mwanga wake ndio kwanza unatufikia. Itapinduaje lori la juzi? Sinyolewi, na kompyuta yangu haichomwi!"

"Basi rudi kwenu," Deusi akasema.

Nikarudi Pito. Sokoni watu walinipisha kama mwenye ukoma. Kanisani nilikaa peke yangu kwenye benchi. Je, nilikoma? Thubutu! Nilipima mwanga ule mwezi baada ya mwezi, ukififia taratibu mpaka ukazimika. Vipimo vyangu vimechapishwa pamoja na vya wenzangu, na jina la ukoo nililoandikia ni la baba yangu, si la ndoa.

Juzi Deusi alimtuma dada yake: nirudi, ila niachane na mambo ya nyota. Nilimpa wifi chai, akanywa, nikamsindikiza hadi stendi. Jibu langu lilikuwa neno moja: hapana.

Dada zangu, msimpime mwanamume kwa sifa anazowamwagia mkiwa wawili chumbani. Msikilizeni anasema nini mbele ya mama yake! Na wewe unayeitwa mchawi kwa sababu tu unajua wasichokijua, usiukubali wembe wao, wala usihame mji. Mimi niko hapahapa Sumbawanga. Wanaonikwepa njiani, wazoee!