Muuguzi Asiye Mwanachama

Soko la Otara, mtaa wa wahamiaji ugenini, lilifurika Jumamosi hiyo, na mikono miwili ikashika fungu moja la majimbi. Mmoja ulikuwa wa Ulamila, muuguzi kutoka Fiji, kavaa gauni la maua makubwa mekundu. Mwingine ulikuwa wa Lisiate, mwanamume Mtonga wa visiwa jirani na Fiji, mwenye mabega ya kuziba mlango.

"Dada, nimelitangulia mimi."

"Umelitangulia wapi? Hata haya huna!"

Wakagawana. Jumatatu wakakutana tena kazini: kumbe wote ni wauguzi wa nyumba moja ya wazee, Ulamila ghorofa ya chini, Lisiate ya juu. Mwezi haukwisha, wakawa wapenzi wa kupigiana simu hata saa ya chai.

Lisiate alikuwa mwakilishi wa chama cha wauguzi, na hilo lilimnyima Ulamila raha. Wenzake walimwambia wanachama hugoma wakawaacha wazee na njaa, na mwenye viza ya kazi akijiunga tu, hurudishwa kwao. Uongo mtupu, lakini aliumeza wote.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao, mzee mmoja akaanguka bafuni. Ulamila alikuwa peke yake na wazee ishirini na wanane, lakini barua ya uongozi ikamjia yeye: aje ajieleze Ijumaa. Akifukuzwa, na viza imekwenda. Akampigia Lisiate huku analia.

"Laazizi, nisajili leo. Uje unitetee."

"Nitakusajili. Ila chama hakichukui kesi iliyotokea kabla hujajiunga."

"Andika nilijiunga zamani."

"Siwezi, Mila. Wakigundua, hakuna mwanachama atakayesikilizwa tena pale. Nitakuja kama rafiki."

"Rafiki! Miezi mitano unakula kwangu, chama hujanitajia hata siku moja. Kwa nini?"

"Niliogopa utadhani nimekupendea saini ya kujiunga."

"Na mimi niliogopa kurudishwa kwetu."

"Kwa kujiunga? Nani kakudanganya? Sheria inakataza! Nusu ya wanachama wangu wana viza kama yako."

"Kwa hiyo hao wote uliwaambia," Ulamila akasema polepole. "Mimi ukanibusu tu."

Akakata simu. Ijumaa aliingia ofisini peke yake, akatoka hana kazi. Lisiate alikuwa getini, shati jeupe limelowa jasho.

"Mila, nikuoe. Wiki hii hii. Hawatakurudisha."

Ulamila alimtazama mwanamume huyu ambaye bado alimpenda.

"Uliogopa nidhani unanipendea saini. Leo unataka niolewe kwa ajili ya viza?"

Akampita Lisiate, akatoka getini. Wiki tatu baadaye Ulamila akapanda ndege kwenda Nadi, kwao Fiji, na hakumwambia Lisiate saa ya kuondoka.