Bonde Wanakozalia Kulungu

Jumamosi moja ya Machi 1979, Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, ilifurika watu utadhani maduka yanagawa bure. Teopista alisimama katikati ya uwanja na koti lake la njano, karatasi za sahihi mkononi, akimzuia kila apitaye. Mara akatokea kijana mweusi mrefu, afro imechanwa ikachanika, suruali bugaluu, viatu vya raizoni vinagonga sakafu ko ko ko.

"Kaka, weka sahihi hapa."

"Nikiweka nitapata jina lako?"

"Soma kwanza, bwana!"

"Macho yako nimeshayasoma, yanatosha." Akaandika jina na mtaa wake: Evodius, Norsborg.

Teopista alicheka mpaka akadondosha kalamu. Alikuwa mkimbizi kutoka Ankole, Uganda, Kiswahili chake cha Tabora alikokimbilia kwanza, kazi yake kutunza wazee mtaa wa Hagsätra. Karatasi zile zilipinga kampuni moja kutafuta madini ya urani huko kaskazini, katika bonde ambako kulungu wa theluji wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa huko, huzaa kila Mei. Jike akishtushwa na helikopta humkimbia mwanawe, na mtoto hufa. Binti wa wafugaji hahitaji kufafanuliwa mara mbili.

Basi simu zikaanza.

"Haloo, mama kulungu?"

"Koma wewe, mla ndizi wa Bukoba! Umekula?"

"Nitakulaje na wewe hupo?"

Wiki ya tatu wakaenda pamoja kwenye mkutano wa wanaopinga uchimbaji. Alikuwepo Mzee Nila, mfugaji aliyetoka bondeni kwenyewe. Evodius akamshika mkono kwa bashasha, akauliza kwa Kiswidi chake cha darasani: "Mzee, una kulungu wangapi?"

Mzee akainamia kahawa yake. Teopista alitamani ardhi immeze, maana mfugaji haulizwi idadi ya mifugo, awe wa Ankole au wa huku. Ni sawa na kumpekua mtu mifukoni. Kisha mama mmoja Mswidi akamkazia macho Evodius. "Huyu si yule mwanafunzi anayeichorea ramani ile kampuni?"

Ndiye. Mafunzo yake ya kazi yalikuwa kwenye kampuni hiyo hiyo, na hakuwahi kumwambia Teopista.

"Kumbe umetumwa kutuhesabia!" Teopista alimfokea mlangoni.

"Teo, mpenzi, sikutumwa na mtu. Mimi mtoto wa migombani, nilikuwa nampigisha mzee soga tu. La kazi sikulisema, niliogopa utaniacha."

"Usiniite mpenzi."

Aprili nzima hakupokea simu yake. Alilia chooni kazini, kisha akajikasirikia kwa kulia. Alikuwa anampenda, ndiyo shida yenyewe.

Siku moja kabla halmashauri ya huko bondeni haijapiga kura kuhusu uchimbaji, Mzee Nila alimpigia. "Kijana wako alikuja huku kwa treni. Aliomba radhi. Safari hii aliuliza kulungu wanazalia wapi tu, tukazunguka bonde lote siku mbili kwenye theluji. Ramani ya kampuni iliandika bonde halina kitu. Yeye amechora kila kitu na kuikabidhi halmashauri. Kampuni imemfukuza."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwake. Anasema humpokelei simu."

Kesho yake alipotoka kazini hata sare hakubadilisha. Alifika Norsborg anahema. Evodius akafungua mlango, aproni kiunoni, kiazi mkononi.

"Mjinga wewe! Mafunzo umeyatupa?"

"Nimeyatupa. Karibu ndani, dada wa watu, unapigwa na baridi."

"Utanificha tena jambo?"

"Hata kiazi kilichooza nitakuonyesha."

Alimpiga kofi dogo begani, kisha akamkumbatia na aproni yake yenye maji. Simu ikalia ukutani. Evodius akasikiliza, mdomo wazi, akampa.

"Wamekataa!" Mzee Nila alikuwa anapiga kelele. "Hakuna kuchimba! Waliweka ramani mezani, hakuna aliyeweza kusema bonde ni tupu!"

Teopista alirukaruka jikoni hadi jirani wa chini akagonga dari.

"Evo, nioe."

"He! Siku hizi mwanamke ndiye anayeposa?"

"Jibu!"

"Nakuoa. Kazi sina, lakini nakuoa leo, kesho, utakavyo."

"Kuna nini huko?" Mzee aliuliza kwenye simu.

"Ananioa, mzee," alisema Teopista, machozi yanamtiririka na anacheka.

"Njooni Juni basi," alisema Mzee Nila. "Watoto wa kulungu watakuwa wamejua kukimbia, muwaone."