Mlango wa Ghorofa ya Tano

Ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa madirishani, na wote hao, wazima na akili zao, walikuwa wanagombania mlango. Mlango ni nini? Wasanifu majengo walisema ni uwazi ukutani. Wahandisi wakasema ni ubao na bawaba zake. Wakandarasi wakasema ni vyote hivyo pamoja na kitasa, na anayebisha akajenge mwenyewe. Katibu wa kamati, dada wa gauni la kijani na miwani ya kumteleza puani, aliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Kwa miaka mitatu alikuwa anatengeneza orodha moja ya vitu vyote vya jengo, ili kompyuta ya huyu isome mchoro wa yule bila kukosea.

"Dada," sauti ikamnong'oneza kwa nyuma, "andika hivi: mlango ni kile kitu ukimfungia mtu, ananuna."

Alicheka kabla hajageuka. Alipogeuka, kwisha habari yake. Aliyenong'ona alikuwa mhandisi wa mabomba, mikono ya shati imekunjwa, viatu vina vumbi la saruji, na tabasamu la mtu asiyedaiwa usingizi.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Halo, Orodha wangu."

"Sema, Bomba. Umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba sauti yako."

"Maneno hayo unayatoa wapi, wewe?"

"Kwenye tangi. Ukifungua tu yanamwagika."

Basi miezi minne ikaenda hivyo, raha tupu. Kisha kamati ikachagua jengo la majaribio, la ghorofa saba, lililokuwa linamaliziwa. Michoro ya kila fani iliunganishwa kwa kufuata orodha ya katibu. Ikipita, Ijumaa makampuni yote yangepiga kura kuitumia. Ikikwama, miaka mitatu imekwenda na maji.

Jumatatu mlango ukatokea kwenye kompyuta yake, ghorofa ya tano, katika ukuta mtupu mwisho wa korido. Hakuna mchoro wa mtu yeyote uliokuwa nao. Akaufuta. Jumanne asubuhi akaukuta palepale, upana sentimita themanini. Akaufuta tena, akazima kompyuta, akachomoa na waya. Jumatano ulikuwepo, na chumba chake cha kazi kilinuka saruji mbichi ilhali hapakuwa na fundi mtaa mzima. Penye jina la aliyeingiza palikuwa na namba ya usajili ya mhandisi wa mabomba.

"Unanichezea?" alimuuliza kwenye simu.

"Salamu kwanza, mpenzi."

"Mlango wa ghorofa ya tano. Namba ni yako!"

"Mlango gani? Mimi naingiza mabomba tu, Mungu shahidi."

"Namba hii ni ya nani, basi?"

"Ya baba," alisema. "Alikuwa mhandisi hapa kabla yangu. Alipofariki mwaka juzi nilitakiwa niombe yangu, na ya kwake ifutwe. Nikashindwa. Nikawa naitumia."

Kanuni ya kwanza ya orodha nzima ilikuwa namba moja, mtu mmoja. Katibu alimkaripia. "Kwa hiyo mlango kauweka marehemu? Umenivunjia kanuni yangu, halafu unamsingizia baba yako aliyelala kaburini? Usinipigie tena!" Akakata, akalia mpaka macho yakavimba.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mlango ulikuwa bado palepale. Orodha ilikubali hali mbili tu za mlango, *wazi* au *umefungwa*. Neno jingine lolote ilikuwa inalikataa, na aliyeiwekea zuio hilo ni yeye mwenyewe. Sasa palikuwa pameandikwa *Fungua*.

Aliipiga ile simu aliyoikataza. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga mara ya pili, ya tatu. Akachukua mkoba, akatoka mbio hadi kwenye jengo.

"Yule bwana wa mabomba?" msimamizi wa ujenzi alisema. "Alipita asubuhi na futi yake, akasema anakwenda kuangalia ukuta wa tano. Nilidhani keshatoka."

Korido ilikuwa na jua tele, rangi mpya inang'aa, na baridi iliyomwingia mpaka kwenye meno. Wakasimama mbele ya ukuta. Kutoka ndani yake kukagongwa, polepole, mara tatu. Kisha mara tatu tena.

"Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Shimo la mabomba. Linashuka kutoka paani hadi chini."

"Linaingiliwa wapi?"

Msimamizi akapapasa ukuta; haukuwa na mlango. Wasanifu walidhani mlango wa shimo ni kazi ya watu wa mabomba. Watu wa mabomba walidhani ni kazi ya wasanifu. Kila upande ulimwachia mwenzake, na mafundi wakajenga ukuta mzima.

"Vunja!"

"Nivunje wapi, mama?"

Akasoma vipimo kwenye simu, akatoa rangi yake ya mdomo, akachora mlango mwekundu ukutani, sentimita themanini kamili. Nyundo ikashuka. Tofali la kwanza lilipoanguka, kugonga kukakoma. Mhandisi wa mabomba alikuwa nyuma ya ukuta palepale, juu ya mbao za mafundi, amezirai, mkono mmoja umevunjika na mwingine ameulalia. Alikuwa ameingilia juu ya paa, ngazi ikamteleza.

Hospitalini alipofumbua macho sawasawa, wote wawili walisema "nisamehe" kwa pamoja, wakacheka.

"Ungechoka kugonga nisingekupata," alisema katibu, akimfuta vumbi masikioni.

"Kugonga?"

"Ukutani. Mara tatu tatu."

Alimtazama. "Nilianguka nikazimia. Nilipozinduka nikauona uso wako. Mimi sikugonga, mpenzi."

Katibu akamshika vidole vya mkono mzima.

"Unaogopa?" mhandisi akamuuliza.

"Naogopa sana."

"Hata mimi. Basi nikuoe, tuogope pamoja."

"Subiri Ijumaa ipite, Bomba. Leo nitajibu kwa hofu."

Ijumaa ukumbi ulifurika tena. Mwenyekiti alipitia jengo la majaribio ukurasa kwa ukurasa, kisha akavua miwani.

"Shimo lilihitaji mlango, hilo tumekubaliana wote. Lakini kanuni ni ya kwako, katibu. Kila kitu kina mtu aliyekiingiza. Huyu ni nani?"

Angeweza kutaja namba nyingine yoyote, kura ipite, mambo yaishe. Akasimama.

"Ni baba mkwe wangu."

Minong'ono ikazuka. "Hongera," alisema mwenyekiti. "Yupo hapa, athibitishe?"

Katibu akatazama nyuma ya ukumbi. Mhandisi wa mabomba alikuwa analia mbele za watu bila haya, plasta mkononi. Watu walikuwa wamesimama hadi nje, lakini kiti cha pembeni yake hakuna aliyekikalia.

"Yupo," alijibu.