Nazi ya Mama Ilipokata Sauti

Sisi ni madobi. Chumba chetu kina joto tangu asubuhi. Mimi napiga pasi, shangazi anafua, baba anakunja. Mama ndiye aliyekuwa anapokea wateja. Alifariki miezi mitatu kabla ya haya ninayosimulia.

Baba hakutaka kulisema hilo. Mteja akimuulizia mama, baba alijibu, "Katoka kidogo." Jamani! Mimi na shangazi tuliinamisha macho tu.

Mama aliacha nazi moja. Aliinunua dukani siku aliyougua. Baba alikataza isivunjwe. Aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya rafu, pale mvuke wa pasi unapopanda. Kila asubuhi aliitikisa sikioni. Maji yalicheza ndani, naye alitabasamu kana kwamba amesalimiwa. Mwili ulinisisimka kila mara.

Asubuhi moja aliitikisa. Kimya.

Akaitikisa tena. Kimya. Mfuko ulikuwa na jasho kwa ndani. Kitu cheupe, mfano wa kidole, kilikuwa kinausukuma kutoka ndani.

"Mungu wangu!" shangazi alipiga kelele. "Kaka, kitu hicho kina macho matatu, na sasa jicho moja limetoa kidole! Kilete nikichemshe na mashuka!"

"Thubutu!" baba alisema, akaikumbatia nazi.

Nilimkimbilia jirani yetu, Mama Miche. Kazi yake ni kuotesha miche na kuiuza. Alikuja na udongo mikononi, akachungulia, akacheka.

"Hakuna jini hapa. Imeota tu! Nazi ni mbegu. Ikiwa na maji ndani, ikapata joto na unyevu, huota hata kama imetolewa makumbi yake, lile ganda la nje la nyuzinyuzi."

"Na maji yake yako wapi?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mche umeyanywa. Sasa unakula nyama ya nazi."

"Kwa hiyo nazi itakwisha?"

"Itakwisha, shemeji. Ukiiacha mfukoni itaoza, na mche utakufa. Ukiipanda, nazi itakwisha lakini mnazi utabaki."

Baba alimpa Mama Miche nazi. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Tulichukua ndoo kuukuu, tukaitoboa chini ili maji yasituame. Tuliijaza udongo uliochanganywa na mchanga. Mama Miche aliilaza nazi, kichipukizi kikiwa juu.

"Fukia nusu tu," alisema. "Ukifukia yote itaoza. Iweke penye jua. Udongo usikauke. Na mkitaka kuotesha nyingine, chagueni nazi yenye maji, isiyo na ufa. Ilowekeni siku tatu, kisha muiweke mfukoni penye joto. Msiwe na haraka, huchukua miezi."

Siku ya maziko baba hakuweza kutia udongo kaburini. Mikono ilimgomea. Sasa alitia udongo ndooni, konzi baada ya konzi, huku machozi yakimtoka.

Baada ya miezi miwili jani la kwanza lilifunguka. Ua wetu umezungukwa na kuta, upepo haufiki, lakini jani lile hutikisika. Shangazi hulipita upandeupande mpaka leo.

Siku ileile jani lilipofunguka, mteja alileta mashati. "Mama yupo?" aliuliza.

Nilishika pasi kwa nguvu. Baba alimtazama usoni.

"Mke wangu alifariki," alisema. "Nipe mimi nguo."

Nililia pale pale, nusura niunguze shati la watu.