Jiwe Lenye Hadithi Yake

Fundi aliweka pima maji juu ya jiwe, akainama, akafumba jicho moja. Kipovu kilikaa katikati kabisa. Akaenda kunawa mikono, akarudi, akakuta kipovu kimekimbilia upande wa dirishani, ndiyo kusema jiwe limeinamia kule kwenye sinki. Akakigonga kwa kucha. Akaigeuza pima maji, huku kuwe kule. Kipovu kikarudi palepale dirishani.

“Bosi, hili jiwe linalala.”

“Lisawazishe.”

“Nimelisawazisha mara tatu tangu asubuhi.”

“Basi ya nne ndiyo dawa. Au umekuja kazini na usingizi wako?”

Fundi akaguna. Miaka kumi na moja alikuwa akipanga vigae chini ya mama huyu, na alishajua kwamba kubishana naye ni kujitafutia kiu bure. Watu walimwita Bi Sentimita. Hakuingia nyumba ya mtu bila tepu mkononi, na alikuwa akipima hata kabla ya kuambiwa karibu. Kazi yake ilikuwa kuchora majiko na mabafu upya, na jambo lililomtia kichefuchefu ni jiko linalofanana na jiko la jirani. “Sura!” alikuwa akisema. “Jiko liwe na sura yake. Hata mbuzi wana sura.” Kwa hiyo alizunguka kwenye majengo yanayobomolewa, akaokota milango, mabeseni, vioo na mabomba ya shaba, akavipeleka kwenye nyumba za watu vikiwa na hadithi zao. Hadithi hizo, tusifichane, nyingi alizitunga mwenyewe akiwa njiani anaendesha gari. Kioo cha dukani kikawa kioo cha bibi harusi. Mlango wa stoo ukawa mlango wa nahodha. Wateja walifurahi, naye hakuona amemdhuru nani.

Jiwe hili alilipata kwa muuza mabaki. Lilikuwa jeupe la kijivujivu, urefu wa mtu mzima, ukingo umeinuliwa kidogo pande zote, na mwishoni mwa upande mmoja lilikuwa na tundu. Alipolipitishia kiganja, likawa na uvuguvugu, mithili ya kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Akalipenda papo hapo.

“Hili, dada,” muuza mabaki alianza, “limetoka kwenye chumba cha nyuma cha...”

“Ishia hapo hapo! Usiniharibie. Limetoka wapi nitajua mwenyewe.”

Akajua mwenyewe. Mteja wake wakati huo alikuwa mwanamke mwokaji wa keki, mjane, anayeishi na binti yake wa miaka saba waliyemwita Kidege kwa wembamba wake na kelele zake. Bi Sentimita akamwambia kwamba jiwe limetoka kwenye tanuri la mikate la zamani, na kwamba mama mmoja alikandia unga juu yake miaka arobaini bila kukosa siku. Mwokaji machozi yakamlengalenga. Akasema hilohilo.

Siku ya kulikata kwa ajili ya sinki, fundi aliwasha grenda, vumbi likajaa jikoni, na pamoja na vumbi ikaja harufu. Kali, ya baridi, inayopanda moja kwa moja nyuma ya macho. Fundi akazima mashine.

“Bosi, unasikia? Kafuri.”

“Ni gundi yako.”

“Gundi yangu hainuki kafuri.”

“Basi ni pua yako. Kata.”

Akakata. Kikatoka kipande cha mstatili, kizito, safi. Bi Sentimita hakuwa mtu wa kutupa mabaki. Akakibeba mpaka nyumbani kwake, akakisugua kingo, akakiweka bafuni kwa mama yake mzazi, ambaye magoti yalikuwa yamemchoka na hakuweza tena kuoga amesimama. Kusema kweli bafu lile lilikuwa la kumtia mtu aibu. Vigae vimebanduka, ndoo imepasuka mdomo, mlango lazima uusukume kwa bega. Miaka miwili alikuwa akimwahidi mama yake kulitengeneza.

“Mabafu ya watu yanameremeta,” mama alikuwa akimtania, “la mama mzazi linanyonyoka kama kuku mgonjwa.”

“Mwezi ujao, mama. Haki ya Mungu.”

“Mwezi ujao nitakuwa nimeshachakaa. Ila hiki kigoda cha jiwe umenipatia, mwanangu. Kina joto. Nikikalia hata kiuno kinanyamaza.”

Bi Sentimita akacheka, akambusu paji la uso, akaenda zake kazini. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote duniani. Wakati tu ndio hakuwa nao.

Wiki mbili baada ya jiko kukamilika, mwokaji alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili asiyetakiwa kusikia.

“Dada, lile bomba linafunguka lenyewe.”

“Nitamtuma fundi abadilishe kizibo.”

“Kila siku saa tisa alasiri. Linafunguka, maji yanatiririka kidogo, yanakoma. Kisha yanatiririka tena. Halafu Kidege... hebu njoo, dada. Njoo wewe mwenyewe.”

Alifika saa tisa kasoro. Jua lilikuwa linawaka barabarani, watu wanapita na mizigo yao, redio ya jirani inapiga kelele. Mwokaji alimfungulia mlango akiwa na unga hadi viwikoni, lakini tanuri lilikuwa baridi, na mezani hapakuwa na keki hata moja.

“Hauumuki,” alinong’ona. “Unga wowote nikiukandia juu ya lile jiwe, hauumuki. Unalala tu. Na mwanangu hali chakula. Nikimgusa ni baridi. Nimempeleka kwa daktari mara mbili, anasema mtoto mzima.”

“Yuko wapi?”

 Mwokaji alielekeza kidole jikoni, naye mwenyewe akabaki pale pale alipokuwa.

Bi Sentimita akaingia na tepu yake mkononi, kwa mazoea tu, na kwanza akaisikia ile harufu ya kafuri, halafu akasikia maji yakimwagika kidogo, yakakoma, yakamwagika tena, kwa utaratibu wa mtu anayechota kwa kata na kumimina bila haraka, na alipopita kabati alilolichora kwa mkono wake akamwona Kidege amelala chali juu ya jiwe, nguo zimelowa, mikono imenyooshwa ubavuni, vidole vya miguu vimeunganishwa, macho yamefumbwa, na nywele zake zinasogea kulia, kisha kushoto, zinasogea taratibu kwa namna nywele zinavyosogea zinapooshwa na mtu, na hapakuwa na mtu. Tepu ikamponyoka. Mtoto hakushtuka.

“Kidege! Mama, inuka hapo!”

“Shh, anti.” Midomo tu ndiyo iliyocheza. “Amesema nisijikunje.”

“Nani?”

“Dada wa maji. Bado upande mmoja tu.”

Bi Sentimita hakumbuki alivyomnyakua. Anakumbuka uzito wake, kwamba mtoto mwembamba vile alikuwa mzito kama gunia lililolowa, na kwamba kuna kitu upande wa pili kilikuwa kinamshikilia, bila ukali, kwa upole wa muuguzi asiyetaka mgonjwa aanguke. Alivuta kwa nguvu zote, wakaanguka wote wawili sakafuni, na bomba likafunga lenyewe, kwii.

Mtoto akaanza kulia. Mama yake alisikia kile kilio mlangoni akaja mbio.

Kesho yake wakamleta mzee mmoja mfupi mwenye pumu, aliyejulikana kwa kuzungumza na majini kama mwenye nyumba anavyozungumza na mpangaji mkorofi. Aliingia jikoni na kikoba chake, akavuta pumzi, akakohoa, akasogeza kiganja juu ya jiwe bila kuligusa.

“Limetoka wapi hili?”

“Tanuri la mikate,” alisema mwokaji. “Kuna mama alikandia unga miaka arobaini.”

“Sikukuuliza wewe, mwanangu. Namuuliza aliyelileta.”

Fundi, aliyekuja na bosi wake, akaangalia viatu vyake. Bi Sentimita, mwanamke mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, safari hii hakutunga kitu. Akatoa simu, akampigia muuza mabaki, akaweka sauti kubwa wote wasikie.

“Lile jiwe jeupe? Si ulinikataza nisikwambie! Chumba cha nyuma cha hospitali ya zamani, dada. Walipokuwa wanaoshea maiti.”

Mwokaji hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimtazama Bi Sentimita machoni, akasema taratibu, “Mwanangu amekula mkate juu yake.” Bi Sentimita alitamani sakafu aliyoichagua mwenyewe ipasuke immeze. Aibu ilimpanda mwili mzima.

“Huyu si jini mbaya,” alisema mzee, akiwa ameshaketi chini. “Kazi yake ni kuosha. Aliwakuta watu wakiosha pale, akajifunza, akawasaidia, miaka na miaka. Sasa mmemleta kwenye nyumba ya watu wenye afya. Anangoja kazi, kazi haiji. Akichoka kungoja, anamtayarisha mtu mwenyewe.”

“Tumfanyeje?” mwokaji aliuliza.

“Yeye hana nyumba, ana jiwe. Jiwe litoke, likazikwe, kabla ya saa tisa. Lakini litoke lote. Nikimfukuza hapa na kuna kipande kimebaki mahali, atakwenda kwenye hicho, na atakwenda na hamu yake yote.” Akamgeukia Bi Sentimita. “Lote liko hapa?”

“Lote,” alijibu Bi Sentimita. Alijibu upesi, kwa sauti ileile aliyozoea kuwajibu wateja wanapouliza kama kazi itakwisha Ijumaa. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anataka tu yaishe, watu waache kumtazama.

Mzee akaanza kisomo chake. Alisoma mpaka jasho likamtoka, na vyombo kabatini vikaanza kutetemeka kimoja kimoja, kijiko, sahani, kikombe, na bomba likafunguka likamwaga maji moto yenye mvuke bila mtu kuwasha hita, na harufu ya kafuri ikawa nzito kiasi cha kuwaliza machozi, ikapanda, ikapanda, halafu mara moja ikakatika. Jikoni kukabaki harufu ya vanila tu. Mzee akagusa jiwe. Lilikuwa baridi, jiwe kama mawe mengine.

“Amekwenda,” alisema.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa, na Kidege akatokea anasugua macho. “Mama, nina njaa.” Mwokaji akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja, na hata fundi ilibidi ajifanye ana vumbi jichoni.

Wakalibomoa jiwe kwa nyundo, wakalitoa nje vipande vipande, na fundi, ambaye hawezi kuona vipande vyovyote bila kuvipanga, akavipanga nyuma ya gari dogo la mizigo kimoja kando ya kingine mpaka jiwe likarudia umbo lake. Ukingo, lile tundu mwishoni. Bi Sentimita akaja na kamba ya kufungia mzigo. Akasimama.

Katikati ya vile vipande palikuwa na nafasi ya mstatili, safi, kingo zimenyooka. Hakuhitaji tepu. Vipimo vyake alivijua kwa kichwa. Sentimita hamsini na mbili kwa arobaini.

“Bosi?” Fundi naye akaona. Uso ukamsawijika. “Bosi, kile kipande... si ulikipeleka kwa...”

Saa ya simu ya Bi Sentimita ilisema saa tisa na dakika nne.

Alipiga simu ya nyumbani huku anaendesha, ikaita mpaka ikakata, akapiga tena, ikaita, na njia nzima alikuwa akisema kwa sauti, mama pokea, mama nakuomba, bafu nalibomoa leo leo, mama pokea, na magari yakimpigia honi, na taa nyekundu zikimpita pembeni kama hazimhusu, na ndani ya kichwa chake anamsikia yule mzee akisema hamu yake yote, hamu yake yote, mpaka akafika, akaacha gari mlango wazi, akaingia ndani, na hata kabla hajapita sebuleni kafuri ikampokea.

Maji yalikuwa yanamwagwa bafuni. Kata moja. Kimya. Kata nyingine.

“Mama!”

“Niko huku, mwanangu.” Sauti ya mama yake ilikuwa laini, imepumzika, sauti ambayo hakuisikia tangu magoti yale yaanze kumsumbua.

“Mama, inuka kwenye hilo jiwe! Toka!”

“Nimeshalala. Ameniambia nilale, kichwa nikakilaza juu ya jiwe. Ana mikono mizuri, huyu binti uliyeniletea. Nilijua hutanisahau.”

Akausukuma mlango kwa bega, mlango ule ule wa kukwama aliosema ataubadilisha mwezi ujao. Haukufunguka. Akausukuma tena, akaupiga kwa ngumi, kwa mateke, akalia kama mtoto, na chini ya mlango maji ya vuguvugu yakatoka taratibu yakamlowesha vidole vya miguu.

“Usiharakishe, mwanangu,” alisema mama yake. “Umebaki upande mmoja tu.”

Kata ikamiminwa. Kisha hakikusikika kitu tena.