Risasi Pajani mwa Orrin

Kiangazi cha mwaka 1881, Almira Tuttle alianza kila siku kwa kumsikiliza mumewe, Orrin, akisoma gazeti. Rais Garfield alikuwa amepigwa risasi Washington. Hapa Ohio alikuwa mtu wao. Alizaliwa katika kibanda cha magogo, akafiwa na baba angali mdogo. Aliswaga nyumbu waliovuta mashua mferejini, akasoma, akawa mwalimu, jenerali, mbunge, na mwishowe rais. Watu walimwombea kama ndugu.

Siku moja ya Agosti, Orrin alipanda uzio na bunduki mkononi. Bunduki ikafyatuka. Risasi ikaingia pajani, isitoke.

Lyman, mdogo wake, alikuja mbio kutoka zizini. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mshike miguu, shemeji. Naitafuta kwa kidole."

"Kwa kidole hicho?" aliuliza Almira.

"Kina nini? Hata rais anapekuliwa hivi hivi, tena na madaktari wakubwa. Au mumeo ni bora kuliko rais?"

Almira ni nani abishane na madaktari wa Washington? Akaishika miguu ya mumewe.

Hapo akatokea Bibi Thirza, jirani aliyeuguza askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

"Lyman, umetoka wapi?"

"Kukamua."

"Na sasa unataka kumkamua nduguyo? Toa mkono."

"Risasi itamuua, bibi."

"Mume wangu analima na yake begani, mwaka wa kumi na saba huu. Niliowazika ni wale waliochokonolewa. Uchafu wa mikono huingia kidondani, kidonda kikaoza. Wapo madaktari wanaosema ni vijidudu visivyoonekana kwa macho."

"Basi na mimi nina ng'ombe mia wasioonekana," alisema Lyman, akacheka.

Almira hakucheka. Alikuwa akizitazama kucha chafu za Lyman. Akaiachia miguu.

"Kaa kando, shemeji. Mume ni wangu."

Bibi Thirza alimwonyesha. Walichemsha maji na vitambaa. Walinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Wakasafisha kidonda kwa juu tu, wakakikandamiza mpaka damu ikakatika, wakakifunga. Kila siku Almira alinawa kwanza, ndipo akabadilisha kitambaa.

"Akifa, ni juu yako," Lyman alimwambia.

Maneno hayo yalimchoma. Siku ya tatu Orrin alipata homa, na Almira alijuta na kulia. Siku ya sita homa ikaisha. Wiki ya nne Orrin akasimama.

Septemba, kengele za kanisa zililia. Rais amefariki. Gazeti lilisema usaha ulikuwa umemwenea mwilini. Orrin alikwenda kanisani kwa miguu yake, na Lyman alimfuata nyuma, macho kwenye lile paja. Mlangoni alimshika Almira mkono.

"Shemeji, kidole changu kilibakiza hivi tu kimuue Orrin," alisema, akaonyesha upana wa punje ya hindi. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Tangu hapo, kwa akina Tuttle hakuna aliyegusa kidonda kabla ya kunawa kwa sabuni. Aliyewasimamia, tena kwa ukali, alikuwa Lyman.